Goma: Kwa nini kipanya cha kompyuta kinasahau mipangilio kila kinapochomolewa

GOMA, Kivu Kaskazini – Kuran ikirudi katika sekretaria za Goma, zile ofisi ndogo ambamo watu wanaandikisha barua, wanatoa fotokopi na kuchapa kazi za chuo, kila mfanyakazi anakimbilia mashini yake. Wateja wamekwisha kungoja vya kutosha. Lakini mara nyingine dakika za kwanza haziendi kwenye kuandika. Zinaenda kwenye kipanya.

Kishale kilichokuwa kinatembea polepole asubuhi sasa kinaruka toka pembe moja ya skrini mpaka nyingine. Kidude cha katikati kinachopandisha na kuteremsha ukurasa kinageuza upande. Aliyekuwa amebadilisha vitufe ili afanye kazi na mkono wa kushoto anakuta vimerudi vya mkono wa kuume. Anafungua tena mipangilio, anarekebisha tena, na kesho kipanya kikichomolewa ili kisaidie mashini nyingine, mambo yanarudia palepale.

Kwa mwenye kompyuta yake nyumbani, hilo ni jambo dogo la kukasirisha. Kwa mtu anayelipwa kwa idadi ya kurasa anazotoa, ni sehemu ya mapato ya siku inayopotea. Na kwa mwanafunzi ambaye TFC yake inapaswa kuwekwa kesho asubuhi, kishale kinachoruka ovyo kinaweza kupeleka faili mahali ambapo hakuna atakayelitafuta.

Wengi wanapopatwa na shida hiyo wanasema kipanya kimekufa, na wananunua kingine. Mara nyingi kipanya hakina ugonjwa wowote. Tatizo ni kwamba mipangilio haikuwa ndani yake tangu mwanzo. Ilihifadhiwa mahali pengine, na mtu hajui ni wapi.

Mtu wa mkono wa kushoto ndiye wa kwanza kuumia

Kati ya watu 10 duniani, mmoja hivi anatumia zaidi mkono wa kushoto. Katika familia nyingi za eneo la Maziwa Makuu, mtoto wa namna hiyo anakua akikatazwa. Kumpa mkubwa kitu na mkono wa kushoto ni kukosa heshima, na shuleni walimu wa zamani walilazimisha kalamu ikae kuume. Wengi walijifunza kuandika na mkono wa kuume huku kazi nyingine zote wakiendelea kuzifanya na wa kushoto.

Mbele ya kompyuta, mtu huyo ana njia mbili. Anaweza kuweka kipanya upande wa kushoto na kubadilisha vitufe, ili kidole cha shahada kiwe ndicho kinachobonyeza kitufe kikuu. Au anaweza kujilazimisha kutumia mkono wa kuume siku nzima.

Akichagua njia ya kwanza na mipangilio ikafutika bila yeye kuona, hatari si kuchelewa tu. Anapobonyeza akidhani anafungua faili, mashini inamfungulia ile orodha ndogo yenye maneno kama "Couper", "Renommer" na "Supprimer". Mbonyezo wa pili wa haraka unaweza kuangukia neno asilolitaka. Mtu mwenye mazoea ya miaka mingi hatazami kitufe kila anapobonyeza. Kidole kinakwenda chenyewe.

Kuna pia wazee. Mwalimu aliyestaafu, anayeandika mwenyewe dosie yake ya malipo, anaweza kuwa na vidole visivyo na haraka. Yeye anahitaji mashini impe nafasi kati ya mbonyezo wa kwanza na wa pili. Windows, kama haijabadilishwa, inangoja nusu ya sekunde tu. Mpangilio huo ukirudi ulivyokuwa, mzee anabonyeza mara mbili na hakuna kinachofunguka, na yeye anaamini kwamba ni mkono wake ulioshindwa.

Kipanya kisicho na karte ya uchaguzi

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka wa 1964 huko California, Marekani, na Douglas Engelbart pamoja na mwenzake Bill English, katika taasisi ya utafiti ya Stanford. Kilikuwa kisanduku cha mti chenye magurudumu mawili chini yake. Tarehe 9 Desemba 1968, Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco. Kilikuwa kinapima kitu kimoja tu, yaani mkono umekwenda upande gani na kwa umbali gani. Vipanya vingi vya bei ya chini vinavyouzwa leo bado vinafanya kazi hiyohiyo na si zaidi. Havihifadhi mazoea ya mtu.

Miaka ya nyuma tatizo la kuchomoa na kurudisha halikuonekana sana, kwa sababu hakuna aliyekuwa anachomoa kipanya ovyo. Kompyuta nyingi zilitumia tundu la duara linaloitwa PS/2, lililoletwa na kampuni ya IBM mwaka wa 1987. Tundu hilo halikutengenezwa kwa ajili ya kuchomoa na kuchomeka mashini ikiwa inawaka. Mwenye kutaka kubadilisha kipanya alizima kwanza.

Mwaka wa 1996 ilikuja USB, na mambo yakageuka. Kwa USB mtu anaweza kuchomoa na kuchomeka wakati wowote. Ila kila mara kipanya kinaporudi, kompyuta inakiuliza upya: wewe ni nani? Kipanya kinajibu kwa namba mbili, ya kampuni iliyokitengeneza na ya aina yake. Vipanya vingi havina namba ya tatu, ile ambayo ingekuwa ya kipanya hicho peke yake.

Ni kama mtu anayefika kwenye barriere akitaja jina la ukoo na kijiji anachotoka, lakini hana karte ya uchaguzi. Vipanya viwili vilivyotoka katika kartoni moja vinatoa jibu lilelile. Kompyuta haiwezi kuvitofautisha kwa sura, basi inavitofautisha kwa mlango vilioingilia. Kipanya kilichoingilia tundu la mbele kinaandikwa kama kifaa kimoja. Kikihamishiwa tundu la nyuma kinaandikwa kama kifaa kingine, kipya kabisa, ingawa ni kilekile.

Hapo ndipo baadhi ya mipangilio inapotea. Mfano unaojulikana katika Windows ni upande wa kuzunguka kwa kidude cha katikati. Katika mashini nyingi mpangilio huo unahifadhiwa chini ya jina la kifaa, na jina la kifaa linafuata tundu. Mtu aliyeugeuza leo kwenye tundu la mbele atakuta kesho, kwenye tundu la nyuma, haujageuka.

Mahali pane ambapo mipangilio inajificha

Ili kuelewa shida, inafaa kujua kwamba mipangilio ya kipanya haikai mahali pamoja. Kuna mahali pane, na kila mahali pana namna yake ya kusahau.

Mahali pa kwanza ni akaunti ya mtumiaji. Katika Windows, kasi ya kishale, uchaguzi wa kitufe kikuu na kasi ya kubonyeza mara mbili vinaandikwa katika akaunti ya yule aliyeingia, si katika kipanya. Kipanya kikichomolewa na kurudishwa, hata kwenye tundu lingine, mambo hayo matatu yanapaswa kubaki. Yanabadilika pale mtu mwingine anapoingia na akaunti yake, au kipanya kinapohamia kompyuta nyingine. Kompyuta ya pili haijui lolote kuhusu mazoea yaliyoandikwa katika ya kwanza.

Mahali pa pili ni jina la kifaa pamoja na tundu lake, kama ilivyoelezwa hapo juu.

Mahali pa tatu ni programu ya mtengenezaji. Kampuni kama Logitech, iliyoanzishwa Uswisi mwaka wa 1981, na nyingine zinazouza vipanya vyenye vitufe vingi, zinatoa programu ya kuvipangilia. Kwa baadhi ya vipanya, mipangilio inafanya kazi tu wakati programu hiyo inawaka. Kompyuta ikiwa dhaifu na programu ikachelewa kuamka, au mtu akiwa ameizuia isianze pamoja na Windows ili mashini iende mbio, kipanya kinarudi katika hali ya kiwandani.

Mahali pa nne ni ndani ya kipanya chenyewe. Vipanya vya bei ya juu vina kumbukumbu ndogo ndani yake, na mipangilio iliyowekwa humo inasafiri navyo toka mashini moja hadi nyingine. Vya bei ya chini mara nyingi havina. Vingi vyake vina kitufe kidogo nyuma ya kidude cha katikati, kinachobadilisha kipimo kinachoitwa DPI. Kipimo hicho ni idadi ya nukta ambazo kipanya kinahesabu kikisogezwa inchi moja, yaani sentimita 2.54. Kikiwa kwenye 1600, kishale kinaenda mbali mara mbili kuliko kikiwa kwenye 800. Kwa vipanya vingi vya namna hiyo, chaguo linakumbukwa wakati tu umeme wa USB unapita. Ukichomoa, kinasahau na kuanza tena na kipimo chake cha kwanza.

Hii ndiyo sababu mtu anaweza kuingia katika mipangilio ya Windows, akakuta alama ya kasi iko palepale alipoiacha, na bado kishale kinakimbia. Kompyuta haijasahau. Kilichosahau ni kipanya.

Mji ambao kuran haikai

Kila mahali duniani kipanya kinaweza kusahau. Lakini Goma ina mambo mawili yanayolifanya tatizo hilo lirudie mara kwa mara: umeme unaokatika, na vyombo vinavyotumiwa na watu wengi.

Wakaaji wa mji wanapata umeme toka sehemu mbalimbali. Kuna wa SNEL, unaotoka kwenye mitambo ya mto Ruzizi upande wa Bukavu. Kuna wa Virunga Energies, unaotoka kwenye mtambo wa Matebe katika Rutshuru, uliofunguliwa mwaka wa 2015. Kuna pia wa jua wa kampuni ya Nuru, iliyozindua mtambo wa megawati 1.3 mjini Goma mwanzoni mwa mwaka wa 2020. Pamoja na hayo, kukatika kwa kuran ni jambo ambalo kila mfanyabiashara analihesabu. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa vita vilivyofanya mji uingie mikononi mwa AFC/M23, laini ziliharibiwa na wakaaji walikaa bila umeme wala maji.

Laptopu ina betri, na kuran ikienda inaendelea. Kompyuta ya mezani inazimika papo hapo, isipokuwa kama kuna onduleur yenye betri nzima. Kuzimika kwa ghafla kunaleta madhara mawili kwa mipangilio.

La kwanza, Windows haiandiki kila badiliko kwenye diski mara moja. Inaweza kulishika kwa muda katika kumbukumbu ya ndani, kisha inaliandika baadaye. Mtu aliyebadilisha vitufe na kuran ikaenda muda mfupi baadaye anaweza kukuta badiliko lake halikuandikwa.

La pili ni baya zaidi. Mashini ikizimika wakati inaandika faili za akaunti, faili hizo zinaweza kuharibika. Inapowaka tena, Windows inashindwa kufungua akaunti na kumpa mtu akaunti ya muda, ikitoa ujumbe wenye maneno "profil temporaire". Akiendelea kufanya kazi bila kusoma ujumbe huo, kila anachokipangilia, na hata faili anazoziacha kwenye meza ya skrini, vitafutika akitoka. Huyo asihangaike na kipanya. Anapaswa kwanza kuokoa kazi yake kwenye ufunguo wa USB, kisha amuite fundi.

Jambo la pili ni kugawana. Katika sekretaria yenye mashini tatu na vipanya viwili vizima, kipanya kinatembea. Katika siber, mteja mmoja anatoka na mwingine anakaa kwenye kiti kabla hakijapoa. Wenye siber wengi duniani wanaweka programu za kugandisha mashini, na Deep Freeze ya kampuni ya Faronics, kutoka Kanada, ni mojawapo inayojulikana sana. Programu hiyo inarudisha kompyuta katika hali yake ya mwanzo kila inapowashwa upya. Ni kinga nzuri dhidi ya virusi na dhidi ya wateja wanaochezea mipangilio. Lakini haitofautishi kati ya virusi na mwanafunzi wa mkono wa kushoto. Inafuta vyote.

Jaribu mara nne kabla ya kununua kingine

Mtu hahitaji kuwa fundi ili ajue shida yake inatoka wapi. Anahitaji dakika kumi na majaribio manne, moja baada ya lingine, bila kuyachanganya.

Jaribio la kwanza: weka mipangilio unayoitaka, kisha chomoa kipanya na kukirudisha kwenye tundu lilelile. Ikiwa kasi imebadilika hapo hapo, tazama kitufe cha DPI kilicho nyuma ya kidude cha katikati. Kibonyeze mara moja au mbili uone kama kasi unayoijua inarudi. Ikirudi, umepata jibu: kipanya hakina kumbukumbu. Dawa yake ni kukiacha katika kipimo chake cha kiwandani, kisha kupunguza kasi upande wa Windows, ambako chaguo linabaki.

Jaribio la pili: chomeka kipanya kwenye tundu lingine. Ikiwa shida inakuja tu hapo, basi mpangilio unafuata tundu. Dawa ni kuchagua tundu moja na kutoliacha. Rangi kidogo ya kucha juu ya tundu na juu ya waya inatosha kumkumbusha kila mtu.

Jaribio la tatu: zima mashini kwa utaratibu na kuiwasha. Ikiwa mipangilio imepotea pamoja na mambo mengine, kama picha ya skrini au faili ulizoziacha, mashini imegandishwa au uko katika akaunti ya muda. Ikiwa ni kipanya peke yake, chunguza kama programu ya mtengenezaji inaanza pamoja na Windows.

Jaribio la nne: ingia na akaunti nyingine. Ikiwa mipangilio haiko huko, hakuna kilichoharibika. Ndivyo Windows inavyofanya kazi, na kila mtu anapaswa kuweka yake.

Mipangilio yenyewe inapatikana kwa urahisi katika mashini zilizo kwa Kifaransa, ambazo ndizo nyingi mjini. Katika Windows 11 mtu anafungua "Paramètres", kisha "Bluetooth et appareils", kisha "Souris". Katika Windows 10 ni "Paramètres", "Périphériques", halafu "Souris". Humo anachagua kitufe kikuu na kasi ya kishale. Mambo mengine, kama kasi ya kubonyeza mara mbili, yako katika dirisha la zamani linalofunguka kwa kubonyeza "Options supplémentaires de la souris", au maneno yanayokaribiana na hayo kulingana na toleo.

Katika dirisha hilo kuna kisanduku kimoja kinachodanganya watu. Kinaitwa "Améliorer la précision du pointeur". Kikiwa na alama, kishale kinaongeza mbio mkono unapoenda haraka na kupunguza mkono unapoenda polepole. Wengine wanakipenda. Lakini anayetaka kishale kitembee sawasawa kila mara, hasa anayechora tableau au kupanga picha, afadhali akiondoe alama.

Tundu lililolegea

Kuna hali moja ambayo majaribio haya hayaonyeshi vizuri. Goma ni mji wa mawe ya volkano na vumbi jeusi, na vumbi hilo linaingia kila mahali. Tundu la mbele la kompyuta, ambalo limepokea funguo za USB za mamia ya wateja, linalegea na kujaa uchafu. Waya ukiguswa kidogo, kipanya kinakatika na kurudi ndani ya nusu sekunde. Mtu hakukichomoa, lakini kwa kompyuta kimechomolewa na kurudishwa.

Dalili yake ni ile sauti ndogo ya Windows ya kifaa kinachotoka na kuingia, ikisikika mara kwa mara bila mtu kugusa tundu. Anayeisikia ahamishie kipanya kwenye tundu la nyuma, lililounganishwa moja kwa moja na kadi kubwa ya mashini, na aache ya mbele kwa funguo za wateja.

Vipanya visivyo na waya vina mambo yake pia. Kwa kompyuta, kifaa ni kile kipokezi kidogo kilichochomekwa, si kipanya kilicho mkononi. Kipokezi kikihamishwa tundu ni kama kipanya kimehamishwa. Na betri ikitolewa au ikiisha, vile vya bei ya chini vinaweza kusahau kipimo cha DPI kama vile vya waya.

Wanaohamia Linux wana sababu nyingine

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za okazio hazikubaliwi na Windows 11 kwa sababu ya umri wao. Mafundi wengine sasa wanapendekeza Linux, hasa aina nyepesi kama Linux Mint, ambayo ni ya bure na inaendesha vizuri mashini za zamani.

Huko, tatizo la kipanya kinachosahau lina historia ndefu. Wengi wanaotafuta namna ya kubadilisha kasi wanakuta maelezo yanayowaambia waandike amri kwa mkono, kwa kutumia vyombo viwili viitwavyo xset na xinput. Amri zinafanya kazi mara moja na mtu anafurahi. Lakini amri ya xinput imepewa kifaa kilichopo wakati huo tu. Kipanya kikichomolewa, kifaa hicho kinafutwa katika orodha. Kikirudi, kinaingia kama mgeni mwenye mipangilio ya kuzaliwa nayo, na amri ya jana haimhusu tena.

Njia ya kwanza ya kuepuka hilo ni kutumia dirisha la mipangilio la mazingira yenyewe, kwa sababu nyuma yake kuna programu inayolinda mlango na kumpa kila kipanya kinachoingia mipangilio iliyohifadhiwa. Njia ya pili, kwa mafundi, ni kuandika kanuni katika faili ndogo ndani ya folda /etc/X11/xorg.conf.d. Kanuni hiyo haisemi kwamba kipanya hiki kiwe na kasi hii. Inasema kwamba kipanya chochote cha aina hii kitakachoingia, leo au kesho, kiwe na kasi hii. Inaandikwa mara moja tu, na inabaki hata baada ya kuzimika kwa kuran.

Faili likipotea usizime mashini

Kwa wenye haraka, jambo moja linastahili kukumbukwa kuliko mengine yote. Kishale kinapokuwa na kasi isiyo ya kawaida, kosa linalotokea mara nyingi si kufuta faili. Ni kuliburuta bila kujua na kuliangusha ndani ya folda ya jirani. Mteja anaona kazi yake haiko tena kwenye skrini, anapiga kelele, na mfanyakazi kwa hofu anazima na kuwasha mashini.

Asizime. Mara tu baada ya kosa, abonyeze Ctrl na Z kwa pamoja akiwa katika dirisha lilelile la folda au kwenye meza ya skrini. Windows itarudisha faili lilikotoka. Ikiwa muda umepita, atafute jina la faili katika kisanduku cha "Rechercher" cha folda kubwa. Na ikiwa limefutwa kweli toka kwenye diski ya mashini, atazame kwanza katika "Corbeille". Lililofutwa kwenye ufunguo wa USB kwa kawaida halipiti humo, na hiyo ni sababu nzuri ya kufanya kazi kwenye diski ya mashini na kunakili kwenye ufunguo mwishoni.

Mzee ambaye kubonyeza mara mbili kunamshinda ana njia isiyotegemea mipangilio yoyote. Abonyeze faili mara moja ili lichaguliwe, kisha abonyeze kitufe cha Entrée kwenye klavye. Na kipanya kikifa kabisa katikati ya kazi, vitufe vitatu vikibonyezwa pamoja, yaani Alt na Maj vya upande wa kushoto pamoja na Verr Num, vinafungua njia ya kusogeza kishale kwa namba za upande wa kuume wa klavye. Ni polepole, lakini inatosha kuhifadhi faili na kuzima kwa utaratibu.

Kazi ya mwenye sekretaria

Mwenye sekretaria anaweza kumaliza sehemu kubwa ya shida hii bila kutumia pesa. La kwanza ni kumpa kila mfanyakazi akaunti yake katika kila mashini. Anayetumia mkono wa kushoto anapangilia mara moja katika kila mojawapo, na baada ya hapo anaingia kwa jina lake na kukuta mkono wake unamngoja. Mwenzake akikaa hapo baadaye anaingia kwa jina lake, na hakuna anayemharibia mwingine.

La pili ni kila mashini kuwa na kipanya chake na tundu lake, vyote vikiwa na alama ya rangi moja. La tatu linahusu mashini zilizogandishwa. Mwenye ofisi anapaswa kumwomba fundi azigandulie kwanza, aweke mipangilio wanayoitaka wote, kisha azigandishe tena. Mipangilio ikiwa ndani ya hali ya mwanzo, kila kuwasha kutairudisha badala ya kuifuta.

La nne ni onduleur, hata ndogo. Haihitaji kuendesha mashini saa nzima. Dakika tano zinatosha kwa mtu kuhifadhi faili na kuzima vizuri, na kuzima vizuri ndiko kunakoifanya Windows iandike kila kitu kabla ya kulala.

Mwisho ni karatasi moja ukutani, juu ya mashini, inayotaja akaunti ya kutumia, tundu la kipanya na namna ya kurudisha vitufe. Mteja wa jioni hatamkuta mfanyakazi wa asubuhi amuulize. Na mwanafunzi wa mkono wa kushoto, aliyebakiwa na saa moja ya kuran kabla ya kuweka TFC yake, ataitumia saa hiyo kuandika hitimisho lake.